Pumzi ya Kupimiwa

Jumatatu, 3 Machi
Nimechoka, hata kalamu nzito. Asubuhi hapa dharura tumempokea mpishi wa shule — nimonia, anavuta hewa kwa mabega. Daktari kamlaza usingizi kwa dawa, kapitisha mrija kooni, nami nikaiweka sawa mashine ya kupumulia. Mnene, kilo mia na kumi. Nikapiga hesabu ya pumzi kwa kilo hizo. Mashine ikapiga kelele!

Daktari kasoma namba, kaniuliza taratibu tangu lini mapafu yakanenepa. Hesabu hufuata urefu wa mtu, si uzito. Najua! Nimewafundisha wengine! Haraka haraka haina baraka. Robo saa nimemjaza mzee wa watu pumzi mara mbili ya kiasi chake.

Cha kupimia urefu hakuna. Mkewe, fundi cherehani, akavua futi ya kamba shingoni. Akampima mwenyewe, utosini hadi kisiginoni. Sentimita mia na hamsini na nane.

"Mzee, umeumbuka," akamwambia. "Miaka thelathini unaniambia umenipita kimo."

Nikapunguza pumzi nusu. Mashine ikanyamaza.

Jumanne, 4 Machi
Wodi ya mahututi imejaa. Anabaki kwetu, kati ya waliovunjika na wanaotapika. Nimemwambia mama fundi ukweli — kosa ni langu. Nilitegemea matusi. Kasema hata yeye alishakata gauni la bibi harusi bila kupima. Kaomba tu nisimwachie mwingine mumewe. Nimelia chooni.

Alhamisi, 6 Machi
Afadhali. Dawa ya usingizi imepunguzwa. Kafumbua jicho moja, kalifumba. Mama fundi anasema anategea — ndivyo alivyo kukiwa na vyombo vya kuosha.

Ijumaa, 7 Machi
Leo jaribio. Mashine haimsukumii hewa, avute mwenyewe nusu saa. Akishindwa, daktari hana hakika moyo wake utahimili jaribio jingine. Naandika hapa hapa kando ya kitanda.

Mama fundi kamzungushia futi kifuani. Skrini haitazami.

"Inaenda," anasema. "Inarudi."

Dakika ya kumi na nane. Jasho kwenye paji la uso wake. Pumzi zimekuwa fupi — daktari kaangalia saa, kaniangalia mimi. Naogopa. Nimemwambia mama aongee naye.

Kainama sikioni. "Umenipita, mume wangu. Kichwa kizima. Vuta."

Futi imekaza. Kifua kimetanuka sentimita mbili. Mbili na nusu —