Mama Ester, Nimejifunza Kunyoa

Mama Ester wangu,

Amani ya Bwana iwe nawe huko uliko, ambako naamini hakuna homa wala foleni ya vipimo. Huku Nangara sisi ni wazima. Mahindi ya nyuma ya nyumba yamefika magotini, na yule kuku wako mweupe amehamia jikoni, nimeshindwa kumtoa. Nakuandikia kwa sababu tangu tukuzike mwezi wa kumi na mbili kuna jambo limepita hapa nyumbani, na katika miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kupita kwenye jambo nisikusimulie. Sioni kwa nini nianze sasa. Wengine wakiisoma barua hii, waisome tu. Huenda yupo baba mwenzangu amekaa na mashine ya kunyolea mkononi, binti yake mbele yake, hajui aanzie wapi.

Jambo lenyewe ni nywele za Ester.

Unakumbuka siku aliyomaliza mtihani wa darasa la saba? Aliingia mlangoni hata hakusalimia, akasema, "Mama, sasa sinyoi mpaka barua ya sekondari ije!" Ukacheka. Miaka saba ulikuwa umemnyoa wewe mwenyewe, Jumamosi moja ndiyo, inayofuata hapana, yeye kwanza halafu mimi, pale uani kwenye kigoda, kanga yako ya zamani shingoni. Kwa kinyozi ulikataa katakata tangu alipotoka huko na mapunye akiwa darasa la kwanza. "Nitanyoa mimi," ulisema, ukaichukua ile mashine ya waya kwa mwanakwaya mwenzako aliyekuwa anahama. Nilidhani utachoka baada ya mwezi.

Hukuchoka. Na alipoamua kufuga, hukumbishia. Nywele zilipofika urefu wa kushikika ukaanza kumsuka, na ile mistari ya kwanza ilivyopinda mlicheka wote wawili mpaka mkalia. Jumamosi ya mwisho kabla hatujakupeleka hospitali ulimsuka twende kilioni. Ndivyo mnavyouita mtindo ule wa mistari ya kurudi nyuma, na siku ile hakuna aliyewaza lolote.

Sasa nikusimulie usiyoyaona.

Siku ya kumaliza msiba, ndugu waliponyolewa kwa mila ya kwetu, Ester hakuonekana. Tulimkuta kwa jirani, amejifungia chooni, kitambaa kichwani. Mchungaji akasema mwacheni, Mungu hatazami kichwa. Nikashukuru, nikadhani yameishia hapo. Kumbe bado. Ikaja fomu ya kujiunga na kidato cha kwanza, shule ya bweni, nusu siku kwa basi. Godoro, ndoo, jembe, na chini kabisa: nywele ziwe fupi, zisizosukwa. Ester aliisoma, akaikunja, akaniwekea mezani.

"Baba, wakininyoa, siendi."

Dada yangu Paulina alikuwa anachambua mbaazi mlangoni. Unamjua wifi yako. Hakuinua hata kichwa. "Mtoto anaongea hivyo na wewe unamtazama? Mimi nashika mikono, wewe nyoa. Dakika tano tumemaliza."

"Paulina, huyu si kondoo."

"Haya. Akae nyumbani basi, nywele zimsomeshe."

Ana mdomo, lakini ndiye aliyetupikia msiba mzima, kwa hiyo nilimwacha aseme. Ester akaingia ndani akafunga mlango. Mama Ester, nilimjua kwa ule mlango. Hakuubamiza. Aliurudisha polepole, kama wewe ulivyokuwa unafanya ukishaamua. Nikajua hatanii, na kwamba nikimshika kwa nguvu nitapata mtoto aliyenyolewa na nitampoteza Ester. Zilikuwa zimebaki siku kumi aripoti.

Niliomba kama ninavyoomba mvua. Halafu nikajiambia, Mungu hatashuka kuninyolea mtoto, kazi ya mkono kaniachia mimi. Nikaitoa mashine yako kabatini nijifunze kwanza kwenye kichwa changu.

Hapo niliharibu, nisamehe. Nilikumbuka kwamba kabla ya kunyoa ulikuwa unadondosha matone mawili ya mafuta kwenye meno ya mashine. Kichupa chake sikukiona. Nikawaza, mafuta ni mafuta, na sisi wakulima wa alizeti tuna dumu zima jikoni. Nikamimina ya alizeti, tena kwa ukarimu. Siku ya kwanza ililia vizuri. Siku ya tatu ilikuwa inanguruma kama lori linalopanda mlima na shehena, ikanishika nywele za kisogoni, ikang'ang'ania, ikazima huku imening'inia kichwani.

Nikaipeleka mjini kwa Baba Zuhura, yule mwenye duka la vifaa vya saluni karibu na soko. Akaifungua, akainusa, akanitazama juu ya miwani.

"Mzee wa kanisa, hii mashine umeikaanga?"

"Niliipaka mafuta."

"Hukuipaka, uliiunga. Imekosa nyanya na kitunguu tu."

Duka lilicheka, na mimi nikacheka, ningefanyaje? Akanieleza kwamba mafuta ya kupikia yakipata joto yanaganda, yanashika vumbi na vinywele, meno yanakwama, na mota inaungua ikijaribu kuyasukuma. Mashine inataka mafuta mepesi, haya ya cherehani yanafaa. "Hii imekwenda, pole sana. Unamnyoa nani?"

"Binti yangu. Mama yake ndiye alikuwa anamnyoa."

Akaacha utani hapo hapo. "Inna lillahi," akasema taratibu, kisha akashusha maboksi matatu kutoka juu.

Mimi macho yalikwenda kwenye ya dhahabu, inawaka taa ubavuni. Akaniambia niishike. Nyepesi kama kiberiti. "Hii ni pambo, baada ya vichwa vitano itaanza kung'oa badala ya kukata." Ya pili ilikuwa nzito, ya waya, wanayotumia vinyozi. Nzuri, lakini ilipiga kelele mpaka mtoto wa mteja akaficha uso kwa mama yake, na umeme wetu ukikatika ungeniachia binti nusu kichwa. Ya tatu nyeusi, haina urembo wowote, ya kuchaji na waya pia inakubali. Akanifundisha kuipima: iwashe, iache itembee ukiongea maneno mawili matatu, kisha iguse meno yake kwa ndani ya mkono. Ikichoma, iache dukani. Kichana cha plastiki, kile cha namba, kipachike ukitikise. Kikicheza, kitachomoka katikati ya kichwa nawe umechimba shimo. Na spiriti ya kufutia kabla na baada, hata kama mnaonyoana ni wa nyumba moja.

"Chukua hii nyeusi," alisema. "Ina sauti ndogo. Mtoto huanza kuogopa sauti."

Nilirudi nayo kwa bajaji nimeipakata kama yai. Nikaoga, nikaketi uani na kioo, nikajinyoa mwenyewe. Mbele nilijiona fundi. Ester alikuwa mlangoni, sikujua.

"Baba, huko nyuma umeacha visiwa."

"Vingi?"

"Kama viboko ziwani. Wanaonekana migongo tu."

Akacheka. Mara ya kwanza tangu tukuzike, Mama Ester. Ningeweza kujiachia viboko kichwani mwaka mzima. Jumapili nilikwenda nao kanisani, nikasimama mbele kusoma matangazo, na wenzako wa kwaya walikuwa wamefunika midomo kwa vitabu vya nyimbo. Sikuona haya. Nilikuwa najifunza.

Jioni ile nikaona wakati umefika. Nikamketisha, nikajitia hekima. Nikamwambia hatutanyoa kipara, tutaweka namba tatu, zitabaki fupi kama shule inavyotaka, na zile za mama zitakuwa bado zipo chini.

Akanitazama kwa huruma, kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi mzito.

"Baba, nywele zinaota kutoka chini. Zilizoko chini ni mpya. Mama alizoshika ndizo za juu."

Mimi shule yangu unaijua iliishia wapi. Sikutaka kumdanganya mara ya pili.

"Basi ni kweli," nikasema. "Tukinyoa, za mama zinakwenda."

"Ndiyo."

"Lakini Ester, mama yako angekuwepo, wiki hii angekuwa ameshakunyoa. Tena anaimba."

"Najua, baba." Machozi yakamtoka bila sauti. "Angeninyoa. Lakini angekuwa yeye."

Ndipo nilipoelewa. Siku zote zile nilidhani napigania nywele. Mtoto alikuwa anaogopa mkono mwingine. Nikamwambia kama lilivyonijia: "Mimi siwezi kuwa yeye. Ila miaka saba ulikaa chini ya mkono wake. Mimi nilikuwa nasubiri zamu yangu, nasinzia, sikuangalia alivyokuwa anafanya. Wewe unajua. Ukikubali kukaa, niambie, nitafanya hivyo hivyo. Ukikataa, kesho kutwa nitakwenda shuleni mwenyewe nikaongee na mkuu, hata akinifukuza."

Na ningekwenda. Ester akaenda kulala. Mimi nilipiga magoti nikasema, Bwana, nimemaliza maneno yangu.

Asubuhi nimetoka kuwafungulia kuku, nikamkuta uani. Kigoda ameshakiweka, kanga ameshajifunga shingoni, mistari ameshaifumua, nywele zimesimama pande zote.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

"Mama alikuwa anaanzia shingoni, anapanda."

Nikanawa mikono. Nikafuta meno kwa spiriti, nikadondosha matone mawili ya mafuta ya cherehani, nikaiwasha mbali kidogo aizoee. Mikono ilikuwa imetulia, hilo namshukuru Mungu. Nikaweka kichana, nikaanzia shingoni.

"Usikandamize, baba. Inapita yenyewe."

Nikalegeza.

"Ngozi aliivuta kidogo kwa kidole gumba. Eeh. Sikio alilikunja, hukulikunja."

Nikalikunja. Paulina alitokea na sufuria, akafungua mdomo, Ester akamwambia, "Shangazi, tunanyoa," naye, amini usiamini, akarudi ndani. Nywele zilikuwa zinaanguka kwenye kanga. Ester alizitazama zinavyoanguka na hakugeuza uso. Kila kona ya kichwa chake ilikuwa inakukumbuka: hapa alipita mara mbili, hapa kuna kovu alilikwepa, hapa aliinamisha kidevu changu kwa vidole viwili. Nilijifunza kukunyolea mtoto kutoka kwa mtoto mwenyewe, na wewe ukiwa umemfundisha bila kujua unamfundisha.

Mwisho nikazima mashine.

"Bado," akasema. "Mama alikuwa anapuliza."

Nikapuliza shingoni.

"Si hivyo, baba. Huwashi jiko. Mara moja tu, kidogo, nyuma ya sikio."

Nikapuliza tena. Akafumba macho. Mabega yakashuka.

"Hapo," akasema.

Akasimama, akaikusanya kanga kwa pembe nne, akaenda mwenyewe kuikung'uta kwenye shimo nyuma ya nyumba. Sikumfuata. Aliporudi aliuliza kama ndoo tumeshanunua.

Siku ya pili tulipanda basi. Getini matroni alikuwa anakagua wasichana mmoja mmoja, na wawili mbele yetu walirudishwa wakanyolewe upya. Ilipofika zamu ya Ester, yule mama alimpitishia kiganja kichwani, mbele, nyuma, pembeni, akamgeuza.

"Hawa wanajua kazi. Umenyolewa saluni gani?"

"Nyumbani, mwalimu," Ester akasema, akachukua godoro lake, akaingia.

Nimebaki na Paulina, anayetaka nimnyoe na mume wake sasa. Nyumba ina ukimya wake, sikufichi, na Jumamosi jioni ndiyo mbaya kuliko zote. Lakini sina hofu na mtoto, na sina hofu na mimi. Ulituacha mapema, ila hukutuacha mikono mitupu. Lala salama kwa Bwana, mke wangu, uendelee kutuombea kama tunavyokukumbuka, mpaka siku nitakapokuja kukusimulia yaliyobaki ana kwa ana.

Mumeo,
Baba Ester