Beseni la pumba asubuhi

Riziki, mujukuu wangu,

Hapa Kalemie tunapumua. Papa yako angali bandarini, na Mama yako anakausha ndagala, samaki wadogo wa ziwa, anatafuta muntu wa kukuletea huko Ubelgiji.

Unatunza farasi wa mbio sasa, ukaniuliza bingwa wa kweli anajulikana kwa nini. Mimi washindi siwaamini haraka. Nilipokuwa binti kule Pepa, kwenye shamba la ng'ombe milimani, nilikuwa napelekea pumba farasi wa wachungaji. Siku ya sikukuu waliwashindanisha mbio. Dume mweusi akawaacha wote mbali. Wazee wakapapasa nywele za shingo yake wakitafuta dawa iliyofungwa humo, wasione kitu. Bwana wa shamba alitaka kuuza farasi mumoja; akasema huyo atabaki, na jike muzee aliyefika wa pili atauzwa.

Mimi sikupiga makofi. Asubuhi yake nikaenda kuangalia mabeseni niliyowajazia pumba jioni. La dume lilikuwa limejaa bado, naye anatetemeka miguu. La jike lilikuwa limelambwa likang'aa, naye amesimama mulangoni anangoja kutoka na ng'ombe. Nikamwita bwana, nikamwonyesha tu. Jike akabaki.

Huyo njo bingwa. Kwa hiyo usiniambie nani alifika wa kwanza, niambie nani alikula kesho yake.

Na wewe, kila ukipiga simu unacheka na kunisimulia ushindi tu. Kicheko hicho nakishuku. Mujukuu wangu, unakula?

Ni mimi, bibi yako.