Niliweka Sala ya Mama Mkwe Mtandaoni

Mpendwa Shangazi Kalekye,

Nisamehe kwa kukawia kuandika, jambo hili lilitokea Februari na sasa tunaelekea Juni, kila nikishika kalamu mtoto analia au stima zinapotea au naona haya tu, lakini leo nimeamua nitamaliza hata chai ikipoa.

Mimi ni Mbukusu niliyeolewa kwa Wakikuyu wa Mutuini, mume wangu Muigai ni fundi wa ujenzi Naivasha na hurudi mwisho wa mwezi, kwa hivyo nyumbani niko na mama mkwe, mtoto anayenyonya, na Wangui wangu wa miaka mitano ambaye ana jina la huyo nyanya yake. Starehe yangu ni vifaa. Wengine wakifika soko la Ngara wananunua viatu, mimi nanunua simu zilizokufa, nazifungua mtoto akilala, zikiamka naandika kwenye ukurasa wangu mtandaoni nilichojifunza, na mara nyingi naandika habari za lugha, maana inaniuma simu kujua Kiingereza cha kila nchi na haijui kumsalimia nyanya wa Mutuini. Kikuyu changu mwenyewe ni cha sokoni, naelewa bei na salamu, na sikutaka Wangui awe kama mimi. Ndipo nikachukua simu moja iliyopasuka kioo, nikaiegemeza nyuma ya mkebe wa majani chai, ikawa inamrekodi mama mkwe akipika. Sikumwambia, nilijua akijua ataanza kuongea kama yuko mbele ya pasta. Nikapata hadithi, nyimbo za kubembeleza, hata vile anavyogombana na mbuzi, nikaziweka kwenye ukurasa na watu wakapenda, wakamwita cucu, yaani nyanya, "Huyo cucu ana sauti tamu, tuletee zingine."

Moja ilikuwa sala. Yeye huomba kwa sauti asubuhi akiwasha jiko, na siku hiyo aliomba polepole, neno kwa neno, nikaona hii ndiyo nzuri ya kufundishia, nikaiweka bila kuuliza mtu maana yake. Kumbe alikuwa anamwombea rafiki yake wa kanisani, Mama Shiko, kwa jina, juu ya uvimbe kwenye titi ambao mwenyewe alikuwa hajawaambia watoto wake. Shiko, binti yake, anakaa mtaa wa Jamhuri. Alitumiwa sala hiyo na mtu wa kazini, akampigia mamake simu: "Mum, kwa nini watu nisiowajua wanakuombea na mimi sijui unaumwa?"

Nilifuta siku hiyo hiyo lakini ilikuwa imeshafika kwenye simu za watu. Shiko alimpeleka mamake hospitali na kuna wanaosema heri ilijulikana. Lakini akina mama wa kanisa wanaamini mama mkwe alijua anarekodiwa, hakuna anayempa jambo la siri aliombee tena, na yeye hajitetei. Mimi aliniambia neno moja tu, amesimama na mwiko mkononi: "Namalwa, mimi nilikuwa naongea na Mungu. Wewe ulikuwa unaongea na nani?" Tangu hapo anawasha jiko kimya. Juzi Wangui akaniuliza, "Mama, cucu na Mungu wamekosana?"

Nitasema ukweli, zile rekodi zingine sijutii. Ni arobaini na mbili, na jamaa mmoja anayetengeneza programu ya kufundisha lugha ameniomba zote, sijamjibu. Mimi nataka tu nisikie akiomba tena asubuhi.

Naomba unitumie haya: maneno ya kuomba msamaha kwa Kikuyu, yaliyoandikwa jinsi yanavyotamkwa, maana yale ya mashine siyaamini, mstari wa Biblia unaofaa, namba ya mtu anayejua kuondoa kitu kwenye simu za watu, na jibu, nifute zote au nibaki na za hadithi.

Namalwa, Mutuini

*

Namalwa mwanangu,

Pole. Kulea wawili baba akiwa mbali si mchezo, na kutaka mtoto ajue lugha ya nyanya yake ni jambo jema. Nimemaliza kukubembeleza.

Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ulipowaambia akina mama wa kanisa kwamba ni wewe uliyeficha simu. Sikupaona. Miezi mitatu mama wa watu amebeba kosa lako hadi kanisani na kurudi nalo, na hajakutaja. Wewe unaniomba mstari wa Biblia.

Jumapili hii, baada ya ibada, simama mbele yao useme: niliweka simu jikoni, hakujua, sikuelewa alichosema. Usiongeze neno. Lakini kabla ya Jumapili, nenda kwa Mama Shiko, kwa miguu yako, ukamwambie yeye kwanza. Na usithubutu kumwambia heri ilijulikana. Ile ilikuwa habari yake, yeye ndiye alikuwa achague siku ya kuisema.

Ukitoka huko, mpe mama mkwe ile simu iliyopasuka. Mwonyeshe pa kubonyeza ili asikie na pa kubonyeza ili afute. Zile za mtandaoni ziondoe zote leo. Kaa karibu naye, mtoto mgongoni, umuulize kila moja inasema nini. Atakayoifuta, nyamaza. Atakayoiacha, muulize kama ni ya Wangui peke yake au ni ya watu. Huyo jamaa wa programu mjibu kwamba sauti ina mwenyewe na bado hajaulizwa.

Maneno ya Kikuyu sikutumii. Kiswahili ndicho mnachotumia kuombana chumvi kila siku, kitatosha kuombana msamaha. Namba ya mtu wa kuondoa vitu kwenye simu za watu sina, hayuko. Na kama hataomba kwa sauti tena, hiyo ni haki yake, usimharakishe wala usitege sikio mlangoni.

Wangui akikuuliza tena kama nyanya yake amekosana na Mungu, mwambie hapana, amekosana na mama yako, na mama anaenda kuomba msamaha. Halafu uvae viatu uende.

Shangazi Kalekye