Jina la Koko liliitwa mara mbili

Jumatatu, Novemba 1954. Mvua imenyesha tangu asubuhi na malisho yote yamejaa ukungu.

Mpaka leo jioni nilikuwa sijamwambia mtu yeyote jambo hili: jana nilimkosesha Koko, bibi yangu, mama wa Papa, ubatizo wake.

Sheria za Papa hazibadiliki. Hatuli mpaka wote tumeketi. Anayesema uongo anachapwa fimbo. Jumapili tunakwenda kanisani kwa mwendo wa Koko, na tukifika kijitoni hakuna anayevuka mpaka wote tupo. Papa anatuhesabu, anaomba, ndipo tunavuka. Ukimharakisha anauliza, "Unakimbia wapi? Mungu iko anahama?"

Kwa hiyo huwa tunaingia kanisani wa mwisho. Wasichana wa darasa langu wamenicheka mwaka mzima. "Muangalie, familia ya konokono imefika!" Mimi huinamisha kichwa.

Jana nilichoka kuinamisha kichwa.

Tulipotoka nyumbani nilimwambia Papa nimesahau kitabu cha nyimbo, nitawakuta kijitoni. Kitabu nilikuwa nimekificha ndani ya kitambaa nilichojifunga. Nilipita juu kwenye malisho, nikaruka maji pale ng'ombe wanapovukia, nikaketi na wenzangu benchi la mbele. Kwa muda mfupi nilifurahi sana, na hilo pia linaniaibisha.

Kisha Pasta akaanza kuita majina ya wanaobatizwa. Koko hajui kusoma. Kwa miaka miwili amejifunza katekisimu kwa kurudia maneno nyuma yangu, moja moja, huku akichambua maharagwe. Jina lake likaitwa. Likaitwa tena.

Nilijua wako wapi. Ningeweza kusimama na kusema, "Wananingoja mimi."

Sikusimama.

Wa nyumbani walifika wakati watu wanatoka kanisani. Papa alikuwa amerudi mpaka nyumbani kunitafuta. Nguo nyeupe ya Koko ilikuwa na matope kwenye pindo. Pasta alimwambia angoje Pasaka, naye akaitikia, "Ndiyo, Pasta," kama mtoto wa shule. Papa aliponiuliza nilipita wapi, nilisema nilidhani wamekwisha kuvuka.

"Basi kosa iko yangu," akasema. "Sikupaswa kukuacha nyuma peke yako."

Fimbo isingeniuma hivyo.

Leo nilipotoka shuleni Koko aliniita tuanze katekisimu upya, asije akasahau kabla ya Pasaka. Sikuweza kumaliza mstari wa kwanza. Nilimwambia yote, macho yangu kwenye kitabu.

"Nilikuona," akasema. "Ulipita kule juu, unakimbia sawa ndama."

"Sasa juu ya nini haukusema, Koko?"

"Papa yako angekuchapa. Sikupenda mutoto alie siku ya ubatizo yangu." Akaokota maharagwe mawili yaliyoanguka, akayarudisha kwenye ungo. "Tena nilifikiri utarudi."

Nilifunga kitabu nikaenda zizini. Papa alikuwa anakamua. Nilisimama kwenye mvua mpaka akamaliza ng'ombe wa mwisho, nikampokea chombo cha maziwa, nikakiweka chini, nikamwambia.