Nifuate kwa Macho, Usinitangulie kwa Simu

Mpendwa Shangazi Rudayna,

Naomba msaada wako kabla mwanangu hajafika baharini, na kama ni kunicheka nicheke kwanza huko huko uliko, ukimaliza ndipo unijibu.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi mjini Salt, mume wangu alikuwa dereva jeshini na sasa amestaafu, kazi yake ni kukaa barazani na kunipinga. Mtoto wetu wa kwanza ni Suhaib, mhandisi, kijana mpole, na nikuambie ukweli Shangazi, tangu azaliwe amebebwa. Shule nzuri aliingia kwa simu ya ami yake Taysir, chuo hivyo hivyo, kazi ya barabara ilitoka kwenye sinia la mansaf, wali na nyama ya kondoo, nililompikia mkurugenzi kwa mikono yangu hii, na hata binti tuliyekwenda kumposea alikuwa amekwisha kuambiwa akubali kabla sisi hatujavua viatu. Sikuona ubaya, nani hapa kwetu anafungua mlango bila kumjua mtu? Lakini uchumba ukavunjika mwaka jana, na yule binti alipokuwa anarudisha pete alimwambia mwanangu, "Mimi sikukukubali wewe, nilikubali jina la ami yako." Tangu siku hiyo Suhaib akawa anakula kama mtu anayelipa deni, hacheki, hagombani hata na wadogo zake, na mwishoni akaacha kazi.

Akatuambia atatembea kwa miguu nchi nzima, kutoka Um Qais kule juu kaskazini mpaka Aqaba baharini, begi mgongoni. Baba yake akasema, "Miguu ya nini, mabasi yamekwisha?" Suhaib hakucheka. Akasema, "Baba, mimi sijawahi kubisha mlango ambao haukuwa umefunguliwa tayari. Nataka nibishe hodi nikiwa si mtoto wa mtu."

Akanigeukia mimi, maana ananijua. Akasema kila jioni atanitumia kwenye simu mahali alipo, nisife kwa wasiwasi, ila kwa sharti. "Nifuate kwa macho, mama. Usinitangulie kwa simu." Nikaweka mkono juu ya kichwa chake nikaahidi, na Mungu alisikia.

Shangazi, mimi nilikuwa na kaka anaitwa Nayif. Alikuwa anachunga mbuzi bondeni, mbingu juu yake ilikuwa nyeupe kabisa, mvua ilikuwa imenyesha mbali huko milimani, maji yakaja kama ukuta yakamchukua. Mwili haukuonekana, tulizika vitu vyake. Kwa hiyo mtu akiniambia mwanangu anakatiza mabonde mwezi wa Machi, mimi simwoni yeye, namwona Nayif.

Siku za mwanzo nilivumilia. Kisha ile alama yake kwenye simu ikawa iko milima ya Ajloun na mawingu yamejaa, na mimi Ajloun nina binamu ambaye Suhaib hajawahi kumwona, nikajisemea simu moja tu. Nikampigia, "Akipita kijana mwenye begi jekundu mwite chai, jifanye humjui, usitaje jina langu." Jioni Suhaib akanitumia sauti yake, na Shangazi, alikuwa anacheka! "Mama, kuna mzee kanivuta mkono njiani kama ng'ombe wake aliyepotea! Kanilisha, kanilaza, hata jina hajaniuliza!" Kicheko kile sikuwa nimekisikia tangu pete irudi, nikalia jikoni, nikajisemea hii ni dawa, na dawa haitolewi mara moja tu.

Basi nikawa namtangulia. Kila alama inaposogea mimi nishamtafuta mtu wa mbele, mke wa huyu, mkwe wa yule, fundi aliyetujengea tangi. Alipopita chini ya mji wetu hakuingia, alisema akiingia nitamnenepesha hatatoka, nikapanda darini na mashuka ambayo hayakuwa machafu, nikayaanika nikitazama vilima, na kule chini nikaona kitu chekundu kidogo kinakwenda. Sikuita. Niseme nini?

Alipofika Karak nilimpigia Baba Hayil, aliyekuwa jeshini na mume wangu. Kabla sijamaliza kueleza akasema, "Begi jekundu? Yuko hapa anakula tangu adhuhuri, nilimkuta kwenye jua nikamwingiza. Kumbe ni wa kwenu?" Akacheka sana. "Umechelewa, Mama Suhaib! Ngoja sasa niongeze nyama." Nikamwambia, "Usiongeze, atashtuka!"

Halafu bonde la Hasa. Pale sina mtu, Shangazi, nilitafuta mpaka kwa muuza kuku nikakosa, na mvua ikashuka alasiri nzima, na simu yake ikazima. Baba yake aliniona nimekaa chini sakafuni akakaa na yeye. Asubuhi ndipo sauti ikaja. Bibi mmoja wa mbuzi alimwona kutoka hemani kwake anataka kuteremkia bondeni, akamfokea, "We mjukuu, umechoka kuishi? Pandisha huku!" Akamvika joho la marehemu mumewe, akampa maziwa na mkate, yeye mwenyewe akalala na mbuzi ili mgeni apate nafasi. Hakumwuliza jina, na Suhaib hajui la kwake.

Kutoka hapo nikazidisha. Tafila kuna Mama Awwad, nimempigia mara nyingi hata tumekuwa marafiki, tunaulizana habari za magoti.

Sasa shida yangu ni hii. Juzi Suhaib alinipigia kutoka Wadi Musa, sauti imebadilika, mtu mzima. "Mama, nilidhani watu wanatupenda kwa sababu ya ami tu. Kumbe si kweli. Watu wamenipokea mimi, hivi nilivyo, natoka jasho, sina jina. Nikirudi nitatafuta kazi mwenyewe, wala ami asiguse simu." Nikamwambia alhamdulillahi. Akaendelea, "Na nimewaalika wote. Ijumaa ya kwanza nikirudi, waje wale kwetu."

"Wote nani, mwanangu?"

"Wote walionipokea! Wewe utapika, sivyo?"

Shangazi, watakuja. Unajua watu wetu, mwaliko wa chakula hauachwi. Mama Awwad atanikumbatia mlangoni mbele ya mwanangu na kusema, "Ndiyo wewe ile sauti ya kwenye simu!" Na Suhaib atajua kwamba hata safari yake nilimbeba, kwamba hakuna alipobisha. Atarudi kule kule alikokuwa, na safari hii mimi ndiye niliyemrudisha.

Nimewaza mengi. Niwapigie wote mmoja mmoja niwaapishe wanyamaze? Nijitie ugonjwa, karamu iahirishwe mpaka watu wasahau? Au nimwombe ami yake Taysir achukue wazee wawili watatu watangulie Aqaba, wamlainishe moyo kama tunavyofanya kwenye magomvi, kisha ndipo mimi nitokee? Tena nisikufiche, mbele yake kumebaki jangwa la Rum, na ninayo mkononi namba ya dereva mmoja wa kule. Sijampigia. Bado.

Mume wangu anasema, "Mwandikie yule mama wa gazetini, maana wewe usipomwomba mtu kitu utapasuka." Nimekuandikia.

Mama Suhaib, Salt

*

Mama Suhaib,

Hiyo namba ya dereva ifute sasa hivi, kabla hujaendelea kusoma. Nakungoja.

Nimesoma habari za Nayif na sikukucheka. Aliyemzika ndugu bila mwili ana haki ya kuogopa mabonde mpaka mwisho wa umri wake, na ningekuwa jirani yako ningekaa na wewe sakafuni siku ile ya mvua. Lakini nikuulize, na usinichukie: Nayif alikufa kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumpigia simu? Maji hayamjui ami wa mtu. Ukiogopa mvua, kuna namba moja tu ya kupiga, ya mwanao. Mwulize, "Mbingu ya milimani ikoje, maji ya kunywa unayo?" Hilo ni swali la mama, na yeye ni mtu mzima, atakujibu. Wewe umepigia watu nchi nzima, mpaka muuza kuku, ukamruka yeye.

Sasa kosa lako, na nitalisema kama lilivyo. Uliweka mkono juu ya kichwa cha mwanao ukaahidi, ukavunja. Usiliite dawa. Mgonjwa hapewi dawa aliyoikataa akiwa na akili zake, tena kwa kufichwa ndani ya chakula. Mtoto alikuomba kitu kimoja, umwache abishe, na wewe ukamzunguka ukawa unafungua milango kwa ndani.

Na kuna jambo la pili, ambalo kwa kweli limenikera kuliko la kwanza. Umekulia wapi, mama? Kwetu hapa mgeni anapewa kahawa, chakula na malazi, na siku tatu zinapita kabla hajaulizwa anaitwa nani na anataka nini. Hata aliyemwua ndugu yako akiingia hemani kwako unamlisha. Umezoea mno kuombea kila kitu, mpaka umekwenda kuombea kile ambacho watu wetu wanaona aibu kuombwa. Huyo binamu yako wa Ajloun, unadhani angemwacha kijana apite kwenye mawingu na begi? Umemtukana bila kujua, na kwa heshima yake akanyamaza.

Umeniandikia barua ndefu wala hukuisoma mwenyewe. Baba Hayil alikwambia nini? "Umechelewa." Mwanao alikuwa anakula kabla simu yako haijalia. Na bonde la Hasa? Kule hukuwa na mtu. Pale ambapo hukupata hata namba moja ndipo bibi asiye na jina alipomzuia asiteremkie kwenye maji, akamvika joho la marehemu wake, akaenda kulala na mbuzi. Hakuna simu yako iliyomletea mwanao mapokezi kama yale. Kwa hiyo aliyoyasema Suhaib kuhusu watu si uongo. Ni kweli, ila wewe umeichafua kweli yake kwa vidole vyako, na ni wewe wa kuisafisha.

Haya, sikiliza utakavyofanya.

Hutawapigia wale wenyeji kuwaapisha. Utawafanya watu walioonyesha wema wawe waongo mezani kwako? Kujitia ugonjwa pia usithubutu, karamu iwe Ijumaa hiyo hiyo na upike vizuri. Jangwa la Rum mwache alipite mwenyewe, bila mtu wako hata mmoja. Jioni tazama alama yake, omba dua, zima simu. Ataipata sehemu moja ya safari ambayo hakuna atakayeweza kumwambia haikuwa yake, na wewe utajua kama mkono wako unaweza kutulia.

Usimwambie leo kwenye simu. Mtu hapewi habari ya namna hiyo akiwa peke yake kwenye mchanga. Nenda Aqaba, umngoje huko. Akifika, mwache aingize miguu baharini, mwache baba yake amkumbatie. Kisha, siku ile ile, kabla hamjakaa kula, mwambie. Anza na ahadi uliyoivunja. Taja kila uliyempigia. Usimtaje Nayif mpaka amalize kukasirika, na habari za Baba Hayil na bibi wa Hasa zishike ulimini mpaka atakapouliza mwenyewe, "Kwa hiyo hakuna aliyenipokea mimi?" Hapo mjibu. Ukitanguliza hizo atadhani unajitetea, na atakuwa hajakosea.

Anaweza kukufokea, au akanyamaza, ambayo ni mbaya zaidi. Anaweza kupanda basi akarudi peke yake akakuacha umesimama na kapu lako la chakula. Vumilia. Ulimwahidi mtu mzima ukamtendea kama mtoto, sasa mpe nafasi akuhukumu kama mtu mzima.

Lile wazo la ami Taysir na wazee wake wa kumlainisha, hilo hapana. Halina mjadala. Ami asiende, mumeo asimwandae, dada zako wasimtumie ujumbe wa kumpima kwanza. Hata mimi usinitaje, usije ukasema "Shangazi wa gazetini kaniambia." Mwanao ametembea nchi nzima ili ajue mtu hupokewaje akija peke yake, bila wa kumtangulia. Sasa ni zamu yako, Mama Suhaib. Nenda mlangoni kwa Suhaib, ubishe.

Shangazi Rudayna