Shubiri za Mama Saliha kwenye baraza ya Bwiza

Mama Saliha, mwaka muzima umepita tangu utuache, na leo tuko na habari nzuri sana ya kukuambia, hatuwezi kungoja!

Ulikuwa unauza vitambaa, lakini kila jumapili asubuhi ulikuwa unachukua kaye, ile daftari yako, na kreyo ya kuandikia, unaenda kuchora nyumba za zamani za mtaa wetu wa Bwiza: madirisha, nguzo, maua ya mbao chini ya paa. Kitu uliona, ulikipima kwa shubiri za mukono wako, ukakipigia laini nzima. Kitu kilishavunjika, ulikikisia kwa vidoti. Siku Anouar, mutoto wako wa mwisho, alichora kuku juu ya paa kwenye kaye yako, ulimuambia: "We Anouar! Uliacha masomo ya kujenga, sasa unafuga?" Ukacheka kumushinda. Kuku ukamuacha pale pale.

Mwezi wa ine mvua ikaangusha baraza yetu, ile yenye babu alijenga. Massoudi, mukubwa wetu, akasema: "Tuweke mabati na sima ya kujengea, yaishe." Houda, binti yako, akaruka: "Apana! Mama aliichora yote!" Massoudi akatoa wiki mbili tuijenge kama ulivyoichora.

Tukaita fundi wa mbao, Tajudini; akafungua kaye, akasoma: nguzo shubiri kumi na moja, ua shubiri moja na vidole mbili. Akapima kwa mukono wake, ule mukono kama sahani! Nguzo zikapita paa. Ua la kwanza halikuingia. Zilibaki siku tatu, na Massoudi alikuwa ameshachagua mabati.

Ndipo Anouar akamushika Houda mukono, akaulaza kwenye dirisha yenye haikuanguka. Kaye ilisema shubiri sita. Wakapima: sita, sawasawa!

"Fundi, wako weka mufukoni," Anouar akasema. "Mukono wa Mama ni huu."

Tajudini akakata upya, Houda akipima kila mbao. Siku ya mwisho ua la mwisho likaingia bila nyundo. Tukapiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani anaoa!

Na Massoudi, Mama? Tangu asubuhi amekaa pale na chai yake, anasimamisha wapita njia: "Simama kidogo, angalia juu. Mama yangu alichora hii."

Mungu akurehemu. Ni sisi watoto wako, Massoudi, Houda na Anouar, dada yako Asiya, na wajukuu wote. Kukusahau, Mama, hatutaweza hata siku moja.