Salamu Kabla ya Matundu

S.L.P. 31,
Bagamoyo.
9 Desemba, 1973.

Mpendwa mdogo wangu Kombo,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Hujambo huko Kalifonia? Kifua kimepona, au bado unakohoa na hiyo baridi yenu? Vaa sweta, usijifanye kijana. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mdogo wetu Kibibi amejifungua mtoto wa kike, mama na mwana wazima. Mtoto ana masikio yako, maskini ya Mungu.

Sasa nikupe habari za mzigo. Silinda hedi ya injini uliyompa yule baharia ilifika salama mwezi wa tisa, pamoja na barua uliyomwandikia baba. Gari letu la Shevrole lilikuwa limekaa uani tangu masika, hedi ya zamani ilipopasuka kwa kukosa maji njiani, na mananasi tunayobeba kutoka Kiwangwa hayamsubiri mtu. Kila asubuhi baba alikuwa akilifuta gari vumbi kama anayemwogesha mgonjwa.

Barua hakuifungua. Sikukuficha zamani na leo sikufichi. Tangu siku ile ulipopanda meli yeye akiwa Kiwangwa, ukaondoka bila kumuaga, neno lake lilikuwa moja: asiyeaga hana salamu katika nyumba hii. Miaka saba sasa. Barua zako zote kumi na moja zilikuwa sandukuni, gundi haijaguswa. Nimelia, nimenuna, nimemsusia hata chai. Wapi!

Kufungua boksi, akakuta ubavuni mwa ile hedi vijitundu sita ambavyo ya zamani haikuwa navyo. Uso ukamshuka. Akasema ama umeuziwa chuma kibovu, ama umemtumia takataka za Wazungu. Nikamwambia baharia alisema maelezo yote yamo kwenye barua. Akanijibu kwamba yeye alikuwa akifungua injini wewe hujajua hata kutambaa. Ubishi huo ndio uliourithi, usicheke.

Basi akamwita Mzee Bwanaheri, jirani yetu anayekalafati vyombo vya baharini. Mzee Bwanaheri akasema tundu ni tundu, na yeye ameziba matundu miaka arobaini. Wakayashindilia pamba iliyoloweshwa mafuta ya papa, wakafunga injini, wakangoja watu watoke kuswali alasiri ili washuhudie. We Kombo, gari liliwaka, likanguruma vizuri kitambo kidogo, kisha likaanza kupiga mizinga na kutema pamba za moto. Moja ilimwangukia Mzee Bwanaheri kwenye kanzu, ikaitoboa. Mtaa ulinuka papa wa kuchoma siku tatu. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, lakini baba hakucheka. Aliingia ndani na mikono yake myeusi. Nilimwonea huruma.

Kesho yake baada ya chai akanijia na ile barua. Unajua baba husoma herufi za Kiarabu tu, hizi zetu hazijui. Akaniambia nimsomee, ila nisome ya matundu tu, mengine niyaache.

Nikafungua. Umeanza, "Baba mpendwa, shikamoo." Nikaisoma hiyo, nikanyamaza. Akauliza mbona sisomi. Nikamwambia mtu akitoa salamu huitikiwa, ndiyo adabu aliyotufunza yeye mwenyewe, na mimi siwezi kuiruka salamu ya ndugu yangu. Akachukua spana akaifuta, akaifuta tena. Nilidhani atanyanyuka aende zake.

"Marahaba," akasema. Kwa sauti ndogo, lakini alisema.

Ndipo nikaendelea: kifua chako, kazi yako, ulivyomuulizia mguu wake, ulivyouliza kama kaburi la mama limepaliliwa. Kila swali alilijibu kama kwamba umekaa mbele yake. Matundu uliyaweka ukurasa wa mwisho, Mungu akubariki kwa hilo. Nikamsomea kuwa huko sheria inataka pampu ya kupuliza hewa humo ili moshi uungue, na kwamba gari letu halina pampu hiyo, kwa hiyo ayachonge hesi kama ya skrubu, atie bolti fupi za chuma, na zisitokeze kwa ndani. Hieronimo wa karakana ya misheni alimchongea kwa siku moja. Sasa Shevrole inakwenda Kiwangwa na kurudi, na hata kupiga chafya haipigi.

Lakini si gari lililonishikisha kalamu. Kila Ijumaa baada ya alasiri baba huniletea barua moja kutoka sandukuni, zile za zamani kwanza. Tumefika ya sita. Ile ya kwanza, uliyomwomba radhi, alinisomesha mara tatu. Siku hizi huitikia hata bahasha sijaichana.

Kibibi na mumewe wanakusalimu sana. Mzee Bwanaheri naye anakusalimu, na anasema kanzu yake unaijua wewe. Mola akulinde huko uliko, akupe riziki ya halali na afya ya kuila.

Nilimuuliza baba nikuandikie nini kutoka kwake.

"Mwambie aje aniage," akasema.

Njoo, mdogo wangu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote,
Mardhiya